Mlimbali wa Ishirini na Saba

Papa Israël amechoka, na wala hafichi. Ukimsalimia asubuhi langoni pa bustani ya Parc Kimia hakujibu kwamba ameamka salama. Anakueleza kwanza goti lake la kulia limeamkaje, kisha la kushoto, kisha kama mvua itanyesha, maana kwake yote matatu ni habari moja. Halafu anavaa kofia yake ya kazi, ile iliyokuwa ya kijani, na kuanza kutembea. Ametembea njia hiyo hiyo miaka thelathini na sita.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Kila mwaka nawapeleka watoto hamsini na kitu kwenye bustani hiyo, kwa sababu programu inataka mtoto ajue mazingira yake, na pia, niseme ukweli, kwa sababu siku hiyo nina haki ya kunyamaza na mtu mwingine apige kelele badala yangu. Mtu huyo ni Papa Israël. Alinitembeza mimi nikiwa na kaptura ya shule, sasa anawatembeza wanafunzi wangu, na maneno hajabadilisha hata moja.

Anaanzia kwenye vizimba. Ni vizimba vya zege vyenye vyuma vinene, na ndani yake hamna kitu ila majani makavu. Chui wa mwisho alikufa kabla sijajua kusoma. Lakini Papa Israël anasimama mbele ya kile cha tatu, anashusha sauti na kusema, "Taratibu, batoto. Hajakula tangu jana." Watoto hamsini wanarudi nyuma hatua mbili. Mimi pia nilirudi, na nilikuwa na akili zangu.

Kisha bwawa, ambamo siku hizi vyura ni wengi kuliko samaki. Kisha mianzi, na hapo anapiga makofi kwa nguvu kabla hatujafika, ili wapenzi waliojificha wapate muda wa kujiweka sawa. Kisha kiboko wa saruji aliyepakwa rangi ya bluu, ambaye kila Jumamosi maharusi wanapanda mgongoni mwake kupigwa picha, bibi harusi akiinua gauni lisiguse tope. Halafu bembea za watoto, na mwisho ile njia ndefu yenye milimbali arobaini iliyopandwa kwa mstari mmoja, kutoka lango la barabarani hadi kwenye mto Tshopo. Ni miti mikubwa, kivuli chake kinashika nusu ya njia. Kila mmoja una kibati chenye namba, na Papa Israël anataka watoto wazihesabu kwa sauti mpaka mtoni.

Ninyi mnaosoma kumbukeni hizo namba, maana habari yote iko humo.

Israël alizaliwa Yanonge, kwenye familia ya wavuvi, na aliukimbia uvuvi kwa sababu, kwa maneno yake, maji yanamchosha mtu hata akiwa amekaa. Alikuja Kisangani akiwa kijana, akapata kazi ya kufagia bustani mwaka wa themanini na tisa. Aliyemfundisha kazi alikuwa Faustin, mlinzi, mtu mrefu asiyependa maneno. Wakati huo lango la bustani lilikuwa upande wa mto. Wageni walishuka pale, wakakutana na mlimbali namba moja, na wakatembea kwenda juu hadi namba arobaini karibu na barabara. Hivyo ndivyo wazungu walivyopanga, hivyo ndivyo ilivyobaki.

Vita vya siku sita vilipoanza, mwezi wa sita mwaka wa elfu mbili, Israël hakuwepo. Alikuwa amekwenda Yanonge kwenye matanga ya mjomba wake. Faustin ndiye aliyebaki. Majeshi mawili ya nchi za watu yalikuwa yanarushiana mabomu juu ya mji wetu, na watu wa mitaa ya karibu wakakimbilia ndani ya bustani, wakajifungia kwenye vizimba, kwa sababu zege lile halikuwa na mfano wake katika nyumba zetu. Watu waliishi kwenye kizimba cha chui. Siku za kawaida naifanyia mzaha bustani hii, lakini kwa hilo naivulia kofia.

Katika kizimba hicho alikuwamo msichana wa miaka kumi na miwili, Tania. Mama yake, Germaine, muuza mikate ya mafuta, alikuwa amevuka mto mkubwa wa upande mwingine wa mji kwenda Lubunga Jumapili kumwona mama yake mgonjwa, alale usiku mmoja tu, akamwacha mtoto kwa shangazi. Jumatatu asubuhi mabomu yakaanza, na mitumbwi ikaacha kuvuka. Germaine alikaa ng'ambo siku zote sita, amesimama ukingoni, anautazama moshi wa mji ambamo mtoto wake yumo.

Siku ya nne Tania alitoka kuchota maji bwawani. Faustin alimzika mwenyewe, mchana ule ule, kwa koleo ya bustani. Shangazi alikuwa amejeruhiwa, walimbeba kwenda hospitali, hakuona kaburi. Wiki mbili baadaye Faustin aliacha kazi bila kuaga mtu, akaenda Bafwasende kuchimba dhahabu. Wanaomjua wanasema hakwenda kutafuta dhahabu, alikwenda ili asiione tena bustani.

Germaine alimtafuta mtu wa kumwonyesha mahali, miaka saba hakumpata.

Mwaka wa elfu mbili na saba Faustin alirudi, mapafu yameisha. Israël alikwenda kumwona hospitali. Faustin hakuwa na pumzi ya kuongea mengi. Alisema, "Mutoto wa ule mama wa mikate. Nilimuzika chini ya makumi mbili na saba. Upande wa mutoni." Baada ya siku mbili alikufa.

Israël hakulaza habari hiyo. Alivuka Lubunga, akauliza nyumba hadi nyumba, akampata Germaine, akampeleka bustanini na kumsimamisha chini ya mlimbali wenye kibati cha ishirini na saba, upande wa mtoni. Germaine akapiga magoti. Tangu siku ile, kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya tarehe tano mwezi wa sita, alikuwa anakuja. Anavuka na mtumbwi, anapanda toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, mji mzima mpaka langoni. Israël anamngoja, anambebea kiti, wanatembea wote wawili hadi kwenye mti. Anamwaga maji kidogo, anaacha mkate mmoja wa mafuta juu ya mzizi, anaongea na mtoto wake nusu saa. Israël anasimama mbali, na mgongo ameugeuza. Watu wanamwita Mama Tania hata leo, naye anapenda waendelee kumwita hivyo.

Mwaka huu Mama Tania alitimiza miaka sabini na miwili, na alikuja mwezi wa tano, kabla ya siku yake. Alikuwa na habari ya furaha. Fundi mmoja wa Lubunga alikuwa anamtengenezea msalaba wa saruji, wenye jina na mwaka. Chef, yaani mkubwa wa bustani, alikubali usimikwe chini ya mti.

"Papa Israël, miguu yangu inaisha," alisema. "Nitaacha musalaba, ubakie na mutoto. Wewe utanichimbia shimo. Sitaki mutu mwengine."

"Nitachimba, mama."

"Shimo ya kweli. Isianguke."

"Haitaanguka."

Hapo ndipo anapoingia mdogo wangu Joëlle, na kwa kweli siku hizo nilitamani asingeingia. Joëlle anasoma chuo kikuu, anaandika mémoire, ile kazi ya kumalizia masomo, juu ya miti ya mji, na akili yake ni ya mtu anayepekua makaratasi ya watu. Siku ya Alhamisi, kabla ya ile Jumapili, alikwenda bustanini na fotokopi ya plani, ramani ya zamani ya bustani, aliyoipata kwenye maktaba. Alimkuta Papa Israël amekaa kwenye benchi la bembea, ananyoosha goti. Akamkunjulia karatasi mapajani kama mtu anayeleta zawadi.

"Tonton, angalia. Miti yote arobaini iko. Donc, ni kitu kimoja tu sielewi. Hapa namba moja iko kwa mutoni. Kwa nini leo namba moja iko kwa barabara?"

Papa Israël alimjibu bila kufikiri, kwa sababu jibu analo, ni yeye mwenyewe aliyefanya kazi hiyo. Mwaka wa elfu mbili na tatu, mkubwa mpya aliziba lango la mtoni na kufungua la barabarani, akasema haifai mgeni aingie na kukutana na namba arobaini. Akamwamuru Israël azipange upya. Israël alipanda ngazi siku mbili, akang'oa vibati vyote na kuvipigilia upya, moja ikaenda mahali pa arobaini, arobaini ikaenda mahali pa moja. Siku ya pili, kwenye mti wa mwisho, ngazi iliteleza. Goti lake la kulia limetoka huko.

"Njo hivi nilivunjika goti," alimwambia Joëlle, na akaanza kucheka.

Joëlle anasema kicheko kilikatika katikati. Alidhani ni maumivu. Papa Israël alikuwa anaiangalia karatasi, midomo yake inahesabu. Elfu mbili, Faustin anazika. Elfu mbili na tatu, namba zinageuzwa, Faustin yuko Bafwasende. Elfu mbili na saba, Faustin anarudi, hafiki bustanini, anafia hospitali. Ishirini na saba ya Faustin haikuwa ishirini na saba ya Israël.

"Niachie hii karatasi," alisema.

Joëlle alipoondoka, alikwenda hadi mtoni, akageuka na kuanza kuhesabu kutoka huko, akigusa kila mti kwa kiganja. Namba hazikumsaidia tena, ilibidi ahesabu kwa vidole kama watoto wangu. Alipofika ishirini na saba aliinua macho. Kibati kilisema kumi na nne. Mbele yake, upande wa barabara, zilikuwa bembea, na wasichana wawili walikuwa wanagombea zamu. Upande wa mto, chini ya shina, lilikuwa benchi lile lile alilokuwa amekaa.

Majani yalikuwa ya kawaida. Hakukuwa na alama yoyote. Tangu msalaba wa saruji uzungumzwe alikuwa anajivunia kazi ya mwisho atakayomfanyia yule mama vizuri, na sasa alisimama pale ameshika karatasi.

Ninyi mtasema, mtu aliyegeuza namba kwa mikono yake mwenyewe, hadi akaanguka kwenye ngazi, atasahauje? Nami nilisema hivyo hivyo, kwa hasira. Lakini jaribuni kutembea na namba mpya mara nne au tano kwa siku, miaka minne, huku watoto wanazipiga kelele nyuma yako. Wakati Faustin anafungua kinywa, kichwani mwa Israël hakukuwa na ishirini na saba nyingine. Ni kosa la mtu anayejua kazi yake kupita kiasi. Mgeni angeuliza, ishirini na saba kutoka wapi?

Jioni alimwambia mke wake, Clémence, akiwa bado anapika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Clémence hakuacha kukoroga.

"Unyamaze," alisema. "Ule mama amelia ya kutosha. Anakuja na musalaba wake, anaweka, anarudi kwake na roho iliyotulia. Nani atajua?"

"Miye."

"Wewe umezoea kubeba vitu."

"Nimechoka kubeba, Clémence."

"Alors kama umechoka, usitafute mzigo mwengine!"

Clémence hakuwa anasema ubaya. Mimi pia ningenyamaza, naandika hivyo bila aibu. Nilimwambia hata Joëlle: karatasi yako imekula amani ya wazee wawili, kwa faida gani? Mti ni mti, anayelia ni yule yule, Mungu anajua kuhesabu kutoka pande zote mbili. Joëlle alilia. Ijumaa na Jumamosi Papa Israël alitembeza wageni kama kawaida, lakini wenzake wanasema alipita mbele ya kizimba cha tatu bila kuwatisha watu kwa chui.

Jumamosi mchana alimwita Joëlle. "Kesho ukuje na karatasi," alisema. "Nikishindwa kusema, wewe utaonyesha."

Jumapili Mama Tania alifika saa nne, amevaa kitambaa kipya, kwa baiskeli mbili, moja imembeba yeye, nyingine imebeba msalaba uliofungwa kwa gunia. Mwendesha baiskeli alikuwa anatoa jasho na kulalamika kwamba hicho si kitu cha toleka, ni kitu cha lori. Papa Israël na Joëlle waliubeba, mmoja huku mwingine huku. Koleo ilikuwa begani mwa Israël. Wakaanza njia.

Mtu wa miaka sabini na miwili haendi mpaka mti wa ishirini na saba bila kupumzika. Mama Tania alikuwa na mahali pake pa kupumzika. Kila mwaka, miaka kumi na minane, alipumzika kwenye benchi la bembea, akanywa maji yake, akawatazama watoto wanaorushwa juu, kisha akasema "tuendelee." Jumapili hiyo pia alikaa. Aliweka kitambaa chake vizuri, akanywa. Mtoto mmoja alikuwa anapiga kelele arushwe juu zaidi, naye akamcheka.

"Bon," alisema, "tuendelee."

Papa Israël alikuwa amepanga kusema kule, chini ya mti wa zamani, kwenye kimya. Lakini miguu yake ilikataa.

"Mama Tania, tusiendelee."

"Goti?"

"Si goti." Akashusha upande wake wa msalaba. "Tumeshafika."

Alimweleza. Joëlle anasema alieleza vibaya, alianza na lango, akarudi kwa Faustin, akaruka kwa ngazi, akarudia tena lango, mpaka yeye Joëlle akakunjua karatasi na kuweka kidole. Huku kulikuwa moja. Huku kulikuwa arobaini. Ishirini na saba ya siku ile ni huu hapa, mama, nyuma ya mgongo wako. Watoto waliendelea na bembea zao, kelele zilikuwa nyingi, na ilibidi amwambie mambo hayo kwa sauti kubwa.

Mama Tania hakutazama mti. Alimtazama Papa Israël.

"Na kule," aliuliza, "nani iko?"

"Hakuna mutu, mama. Kule iko muti tu."

"Miaka kumi na minane nalilia muti."

"Ndiyo, mama."

"Nimemwambia ndoa ya mudogo wake. Nimemwambia bibi yake alikufa. Kila kitu nimeambia muti."

"Kosa iko yangu. Faustin alisema vizuri. Miye njo nilisikia vibaya kwa kichwa yangu."

Mama Tania akasimama. Joëlle alidhani atamzaba kofi, na Papa Israël anasema alilingoja, hata alivua kofia. Lakini Mama Tania aligeuka na kuondoka, peke yake, kwenda upande wa mto, kwa mwendo ambao hawakuwa wamemwona nao miaka mingi. Israël alitaka kumfuata, goti likagoma, akakaa kwenye benchi na mikono kichwani. Joëlle ndiye aliyemkimbilia.

Miti kumi na mitatu. Chini ya ule wenye kibati cha ishirini na saba, Mama Tania alisimama. Halafu alianza kuupiga kwa kiganja, polepole, mara nyingi. Alipochoka aliinama kwenye mizizi, akaingiza mkono kwenye tundu, akatoa kikombe cha bati ambacho alikuwa anakificha humo kwa ajili ya maji ya mtoto, na kipande cha kitambaa kilichooza. Kitambaa alikiacha. Kikombe alikifuta kwa nguo yake, akarudi nacho.

Alipofika kwenye benchi alikuwa hoi. Hakumwambia Papa Israël asogee, lakini alisogea. Wakakaa wote wawili, wanahema, wazee wawili waliomalizika, na kati yao kikombe. Safari hii aliutazama mti, upande wa mtoni, kuanzia mizizi. Kisha akazitazama bembea.

"Hapa nilikuwa napumzika," alisema.

"Ndiyo, mama. Kila mwaka."

"Karibu yake. Halafu nasimama, namuacha, nakwenda mbali kulia." Machozi yalianza hapo, si kabla. Alilia kwa sauti, na mtoto wa kwenye bembea alisimamisha miguu na kumwangalia, hadi mama yake alipokuja kumwondoa.

Israël hakugeuza mgongo. Alilia naye.

Ikapita zaidi ya nusu saa. Joëlle aliuliza kwa woga kama achimbe shimo la msalaba, maana koleo ilikuwapo na chef alikuwa ametoa ruhusa. Mama Tania akatikisa kichwa.

"Hapana. Hapa batoto wanacheza. Wakiona musalaba wataogopa, hawatakuja tena, na yeye atabaki peke yake. Musalaba narudi nao kwangu." Akamgeukia Papa Israël, na sauti yake ikawa ya mtu anayetoa amri sokoni. "Lakini namba yake nataka. Hii kumi na nne si yake. Leta ngazi."

"Mama, nikiondoa kumi na nne, itabidi kugeuza yote arobaini."

"Ya wengine sijue. Yake."

Papa Israël hakuwa amepanda ngazi tangu elfu mbili na tatu. Alipanda. Joëlle alishika chini kwa mikono miwili na Mama Tania akashika upande wa pili, akimwambia weka mguu hapa, sasa hapa. Aling'oa ishirini na saba kule, akaibeba kupita miti kumi na mitatu, akapanda tena, akang'oa kumi na nne, akapigilia. Misumari ilikuwa na kutu, mmoja ulimpasua kidole. Aliposhuka uso wake ulikuwa wa majivu, akalala chali kwenye majani, kofia juu ya macho. Mama Tania alimwaga maji ya kikombe kwenye mizizi, akaweka mkate wake wa mafuta, akasogeza benchi kidogo liutazame mti vizuri. Nusu saa yake aliongea. Alikuwa na mengi ya kurudia.

Wiki tatu baadaye niliwapeleka watoto wangu. Papa Israël alikuwa na bandeji kidoleni na anachechemea zaidi. Kwa chui aliwatisha, mianzi aliipigia makofi, kwa kiboko akawatania maharusi wa Jumamosi. Kwenye milimbali watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti: kumi na mbili, kumi na tatu, ishirini na saba. Wakasimama. Micheline, ambaye hakosi hesabu, akainua mkono.

"Papa, wamekosea. Baada ya kumi na tatu ni kumi na nne."

"Ni kweli," alisema Papa Israël. "Nani alikosea? Miye." Akagusa shina kwa kiganja, akapita.

Tulikwenda mbele. Ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita. Mti uliofuata ulikuwa na matundu mawili ya misumari na doa jeupe la mstatili ambapo kibati kilikuwa. Watoto wakasimama tena.

"Na huu, Papa?" Micheline akauliza. "Huu ni ngapi?"

Papa Israël alikuwa ameegemea shina, anapumzisha goti.

"Huu hauna namba," alisema. "Umefanya kazi ya mwenzake miaka kumi na minane. Sasa uache upumzike."